Choo Kilichohesabiwa na Choo Kinachotumiwa

Yako mambo ambayo adabu zetu zinatufundisha kuyataja kwa mafumbo. Mtu hasemi aendako. Husema anakwenda haja, au anakwenda kujisaidia, au anatoka nje kidogo, na wenziwe humwelewa. Adabu hiyo ni njema, nasi hatukusudii kuivunja usiku huu. Lakini jambo lisilotajwa hadharani ni gumu kutengenezwa hadharani, na serikali inayoona haya kulitamka neno "choo" mkutanoni haiwezi kupanga fedha za kukijenga. Kwa sababu hiyo mazungumzo yetu ya leo yanahusu vyoo, na hasa vyoo vya vijiji vya India, nchi ambayo katika miaka ya karibuni imeendesha kampeni ya kujenga vyoo yenye ukubwa usio na mfano.

Tarehe 15 Agosti 2014, Waziri Mkuu Narendra Modi alisimama juu ya ukuta wa Ngome Nyekundu mjini Delhi kutoa hotuba ya siku ya uhuru, hotuba yake ya kwanza ya namna hiyo tangu achaguliwe. Siku kama hiyo watu huzoea kusikia habari za majeshi, za mipaka na za utukufu wa taifa. Yeye akazungumza habari za vyoo. Aliwauliza wananchi wake kama hawaoni uchungu kwamba mama zao na dada zao wanangoja giza liingie ndipo wapate kwenda haja. Miezi miwili haijaisha, tarehe 2 Oktoba 2014, ikazinduliwa kampeni iliyoitwa Swachh Bharat, maana yake India Safi. Ikawekewa miaka 5 kamili. Kufikia tarehe 2 Oktoba 2019, siku ya kutimia miaka 150 tangu kuzaliwa kwa Mahatma Gandhi, asiwepo tena Mhindi anayekwenda haja porini.

Ili tuelewe ukubwa wa ahadi hiyo, hatuna budi kutazama hali ilivyokuwa. Hesabu ya watu iliyofanywa India mwaka 2011 ilionyesha kwamba ni nyumba 31 tu katika kila nyumba 100 za vijijini zilizokuwa na choo. Zile nyingine zilikuwa na shamba, kichaka, kando ya reli au ukingo wa mto. Jioni na alfajiri, mamia ya mamilioni ya watu walishika kopo la maji mkononi na kutoka nje ya kijiji, kama walivyofanya babu zao.

Wako watakaosema: kuna ubaya gani? Shamba ni kubwa na jua ni kali. Ubaya upo, tena ni mkubwa. Kinyesi kilichoachwa juu ya ardhi hakikai pale kilipoachwa. Nzi hukichukua mpaka kwenye chakula, mvua hukiburura mpaka kisimani, na mtoto atembeaye miguu mitupu hukipandisha mpaka kitandani. Hapo ndipo yanapotoka maradhi ya kuhara, homa ya matumbo, kipindupindu na minyoo ya kila aina. Mtoto anayehara kila mara hanufaiki na chakula anacholishwa, hata kama mama yake amekipata kwa taabu. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini humo mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba watoto 38 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wafupi kuliko umri wao. Sababu za kudumaa huko ni nyingi, na njaa ni mojawapo, lakini uchafu nao una sehemu yake.

Na zaidi ya maradhi liko jambo la heshima. Mwanamume hujisitiri popote, ama hujifanya amejisitiri. Mwanamke hana ruhusa hiyo. Mwanamke wa kijijini aliye bila choo hutoka kabla ya mapambazuko, kisha hujizuia mchana kutwa. Hupunguza kunywa maji hata katika joto kali ili asije akabanwa. Usiku akitoka huogopa nyoka, na kuliko nyoka huogopa watu wabaya. Akiwa mjamzito, au mgonjwa, au akiwa katika siku zake, taabu huongezeka maradufu. Ndiyo maana katika jimbo la Uttar Pradesh vyoo vilivyojengwa na kampeni hii viliandikwa mlangoni maneno "Izzat Ghar", yaani nyumba ya heshima. Jina hilo halikukosewa.

Wasikilizaji, isidhaniwe kwamba India iliamka usingizini mwaka 2014. Gandhi mwenyewe alililia jambo hili tangu zamani. Mwaka 1901 alihudhuria mkutano wa chama cha Congress mjini Calcutta. Wajumbe wakuu walikuwa wakijadili mambo ya nchi, ilhali vyoo vya mkutano vilikuwa vimefurika, na kila aliyeulizwa alijibu kwamba kazi ile ni ya mfagiaji. Gandhi akaomba ufagio, akasafisha choo kwa mikono yake. Wengi walistaajabu, wachache sana walimfuata. Tukiyashika vizuri masimulizi hayo, tutaona baadaye kwamba ndani yake imo siri yote ya tatizo hili.

Baada ya uhuru miaka mingi ilipita kabla ya serikali kuu kushughulikia vyoo vya vijijini kwa mpango maalumu. Mpango wa kwanza ulianza mwaka 1986. Ukafuatwa na mwingine mwaka 1999, na huo nao ukabadilishwa jina mwaka 2012. Fedha zilitoka, vyoo vikajengwa, na takwimu zikapelekwa Delhi. Lakini Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa India alipoikagua mipango hiyo, katika taarifa yake iliyotolewa mwaka 2015, alikuta kwamba zaidi ya asilimia 30 ya vyoo vilivyokaguliwa havikuwa vikifanya kazi. Vingine vilijengwa vibaya, vingine havikumalizika, vingine havikutunzwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 nayo ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba vyoo vingi vilivyokuwamo katika vitabu vya serikali havikuonekana juu ya ardhi.

Kwa hiyo kampeni ya mwaka 2014 ilikuwa na deni la kulipa, na ni haki kukiri kwamba ilijitahidi kulilipa. Kila nyumba iliyostahili iliahidiwa ruzuku ya rupia 12,000, na gharama hiyo iligawanywa baina ya serikali kuu na serikali za majimbo. Kodi ndogo ya nusu asilimia iliongezwa juu ya huduma mbalimbali mwezi Novemba 2015 kwa ajili ya kampeni hiyo, nayo ikadumu mpaka mwaka 2017. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola bilioni 1.5. Vijijini waliteuliwa vijana wa kike na wa kiume kuwa wahamasishaji, wakapita nyumba kwa nyumba. Kila choo kilichokamilika kilipigwa picha, na picha ikatumwa katika daftari kuu la serikali ili asiwepo mtu wa kulipwa kwa choo cha hewa. Hata wacheza sinema hawakuachwa nyuma: mwaka 2017 ilitolewa sinema ya mapenzi juu ya mke aliyemhama mumewe kwa sababu nyumbani hapakuwa na choo, ikatazamwa nchi nzima.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika miaka 5 vyoo zaidi ya milioni 100 vilijengwa vijijini. Hakuna taifa jingine lililofanya hivyo kwa kipindi kifupi namna hiyo. Mamilioni ya wanawake ambao mwaka 2014 walikuwa wakingoja giza, leo hawangoji tena. Mtu anayeidharau kazi hiyo kwa sababu ya siasa tu, awe mkaaji wa Delhi au wa kwingineko, hawatendei haki wanawake hao.

Ilipofika tarehe 2 Oktoba 2019, mjini Ahmedabad, kando ya mto Sabarmati ambako Gandhi aliwahi kuwa na makao yake, Waziri Mkuu alitangaza mbele ya maelfu ya viongozi wa vijiji kwamba vijiji vyote vya India vimeacha desturi ya kwenda haja porini. Asilimia 100. Na hapa, ndugu wasikilizaji, ndipo mazungumzo yetu yanapoingia mahali pagumu.

Maana India ina sifa moja njema: inazo idara zake zenyewe za takwimu, na idara hizo hazikuimba wimbo mmoja na wizara. Ofisi ya takwimu ya serikali, katika uchunguzi uliofanywa kati ya Julai na Desemba 2018, ilikuta kwamba nyumba 71 katika kila 100 za vijijini ndizo zilizokuwa na choo cha kutumia, wakati ambapo vitabu vya kampeni vilikuwa vinakaribia ukamilifu. Kisha ukaja uchunguzi mkuu wa afya ya jamaa wa mwaka 2019 hadi 2021. Huo ulionyesha kwamba asilimia 19 ya nyumba zote za India hazikuwa zikitumia choo chochote, na kwa vijijini peke yake ni asilimia 26. Miaka michache nyuma, mwaka 2015 na 2016, idadi hiyo ya vijijini ilikuwa asilimia 54.

Tuzitazame tarakimu hizo kwa utulivu. Kutoka asilimia 54 mpaka 26 katika muda mfupi ni ushindi mkubwa wa kujivunia. Lakini asilimia 26 si sifuri. Ni nyumba moja katika kila nne. Anayesema sifuri mahali penye nyumba moja katika kila nne anamwondoa katika hesabu mtu yule yule aliye maskini kuliko wote, ambaye ruzuku haikumfikia au choo chake kilibomoka kwa mvua ya kwanza. Kijiji kikishatangazwa kuwa kimekamilika, fedha huhama na ofisa huhama. Aliyebaki bila choo hubaki bila choo, tena sasa hana hata pa kulalamikia, kwa kuwa vitabu vinasema anacho.

Je, tofauti hiyo ilitoka wapi? Tusikimbilie kusema ni uongo mtupu. Tarehe ilipangwa, nayo tarehe ina nguvu zake. Mkuu wa wilaya aliulizwa kila juma vimebaki vyoo vingapi. Naye akamwuliza ofisa wa tarafa, naye akamwuliza kiongozi wa kijiji, naye akamwuliza fundi mwashi. Swali lililoteremka ngazi hizo zote lilikuwa moja tu: vingapi? Halikuwapo swali la pili: nani anatumia? Nyumba zilihesabiwa kwa orodha iliyotungwa miaka kadhaa nyuma, na jamaa waliogawana nyumba baadaye hawakuwamo. Hivyo orodha iliweza kukamilika bila kijiji kukamilika.

Lakini iko sababu nyingine, ya ndani zaidi, ambayo haitibiwi kwa saruji. Wachunguzi waliozunguka vijiji vya kaskazini mwa India mwaka 2014 walikuta jambo la ajabu: katika zaidi ya nyumba 40 kwa kila 100 zilizokuwa na choo kizima kinachofanya kazi, alikuwamo angalau mtu mmoja aliyeendelea kwenda porini. Waliporudi mwaka 2018 katika majimbo ya Bihar, Madhya Pradesh, Rajasthan na Uttar Pradesh, walikuta vyoo vimeongezeka sana, na watu waendao porini wamepungua kutoka karibu asilimia 70 mpaka karibu 44. Hata hivyo, miongoni mwa wale wenye vyoo, karibu mtu mmoja katika kila wanne bado alikwenda porini, kama ilivyokuwa miaka 4 nyuma. Kupungua kuliletwa na vyoo vipya. Mioyo ya wenye vyoo haikuwa imegeuka.

Ili tuielewe sababu hiyo, na tukitazame choo chenyewe. Choo ambacho serikali ya India ilikipendekeza vijijini ni cha mashimo mawili. Lipo bakuli lenye shingo iliyopinda, inayobakiza maji kidogo ili harufu na nzi wasipande. Mtu humwaga maji lita mbili hivi, uchafu hupita katika mfereji na kuingia shimo la kwanza, ambalo kuta zake zina matundu na chini halikusakafiwa, kwa hiyo maji huzama ardhini. Baada ya miaka kadhaa shimo la kwanza likijaa, mfereji hugeuzwa kuelekea shimo la pili. La kwanza hufunikwa na kuachwa kwa mwaka mmoja hadi miwili. Likifunguliwa, kilichomo si kinyesi tena. Ni udongo mkavu mweusi usio na harufu, ambao mkulima aweza kuutia shambani kama mbolea. Ni ufundi rahisi, wa gharama ndogo, na hauhitaji gari la kunyonya wala bomba kubwa la kupeleka maji machafu mbali.

Aliyeueneza sana ufundi huo ni Bindeshwar Pathak wa jimbo la Bihar, aliyeanzisha shirika la Sulabh mwaka 1970 na kufariki tarehe 15 Agosti 2023. Yeye alizaliwa katika tabaka la juu kabisa, la Brahmin. Alipenda kusimulia kwamba alipokuwa mtoto alimgusa mwanamke wa tabaka lililoitwa la wasioguswa, na bibi yake akamlazimisha kumeza kinyesi cha ng'ombe ili atakasike. Mtoto aliyetendewa hivyo alipokua akaufanya usafi wa vyoo kuwa kazi ya maisha yake.

Basi fumbo letu linafumbuka hapo. Swali linalomsumbua mwanakijiji wa India haliishii kwenye kujenga choo. Linaendelea mpaka kwenye kulitapisha shimo. Kwa karne nyingi kazi ya kuondoa kinyesi cha watu ilibebeshwa watu wa tabaka moja tu, Wadalit, na hasa wanawake wao, waliokibeba kichwani katika vikapu. Kazi hiyo ikawa ndiyo alama ya unyonge wao, na unyonge wao ukawa ndiyo sababu ya kupewa kazi hiyo. Mtu wa tabaka la juu hawezi kuwaza kulifungua shimo lake mwenyewe, hata kama ndani mna udongo mkavu. Na Mdalit wa leo, aliyepata elimu na haki zake, hataki tena kulifungua la mwenziwe. Naye ni nani wa kumlaumu? Matokeo yake, mwenye choo hukionea choo chake uchoyo. Hukiacha kwa wazee, kwa wagonjwa na kwa wageni, ili shimo lisijae. Wengine hujiongezea fedha zao wakachimba shimo moja kubwa kama chumba, wakitumaini kwamba halitajaa katika maisha yao. Wasioweza kulichimba huona heri kwenda shambani.

Serikali yenyewe ililitambua jambo hilo. Mwezi Februari 2017, katika kijiji cha Gangadevipalli, jimbo la Telangana, Katibu Mkuu wa wizara iliyosimamia kampeni, Bwana Parameswaran Iyer, aliingia yeye mwenyewe ndani ya shimo la choo lililokaa muda wake, pamoja na maofisa wenziwe, akalitapisha kwa mikono yake na kuonyesha ule udongo. Kitendo kile kilikuwa na thamani kuliko matangazo mengi. Ni ule ufagio wa mwaka 1901 uliookotwa tena. Lakini ofisa mkuu kuingia shimoni mara moja, mbele ya wapiga picha, ni jambo moja. Na mwenye nyumba wa tabaka la juu kuingia katika shimo lake, siku ya kawaida, majirani wakimtazama, ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo litakaloonyesha kwamba mabadiliko yametimia.

India ina sheria juu ya jambo hilo. Ya kwanza ilitungwa mwaka 1993 na ya pili, yenye makali zaidi, mwaka 2013; zote zinakataza mtu kuajiriwa kuzoa kinyesi kwa mikono. Bwana Bezwada Wilson, mwana wa jamii ya wafagiaji, amepigania kwa miaka mingi sheria hizo zitekelezwe, akatunukiwa tuzo ya Magsaysay mwaka 2016. Yeye na wenziwe wameuliza swali zito: milioni 100 za mashimo mapya, zikijaa, zitatapishwa na nani? Kampeni ya usafi isiyolijibu swali hilo yaweza kuwarudisha watoto wa Wadalit katika vikapu vya mama zao.

Tena liko jambo la nguvu. Penye tarehe ya mwisho na mahali ambapo hoja imeshindwa kumgeuza mtu, kiongozi hushawishika kutumia fimbo. Katika vijiji vingi ziliundwa kamati za kulinda mashamba alfajiri, zikapuliza filimbi na kumulika tochi ili kuwaaibisha watu. Pengine watu walitishiwa kunyimwa mgawo wa nafaka za serikali. Na tarehe 25 Septemba 2019, juma moja tu kabla ya lile tangazo la Ahmedabad, katika kijiji cha Bhavkhedi, jimbo la Madhya Pradesh, watoto wawili wa Kidalit walipigwa mpaka wakafa, kwa kuwa walionekana wakijisaidia kando ya njia. Nyumbani kwao, jamaa zao walieleza, hapakuwa na choo. Kijiji kile kilikuwa kimekwisha kutangazwa kuwa kimekamilika.

Hatusemi kwamba kampeni iliamuru ukatili huo. La hasha. Waliowaua watoto hao ni watu wenye majina na walikamatwa. Lakini aibu, ikifanywa kuwa chombo cha serikali, humwangukia kwanza mnyonge. Tajiri asiyetumia choo chake hakuna ampulizaye filimbi. Maskini asiye na choo ndiye apulizwaye, na ikiwa maskini huyo ni mtu wa tabaka la kudharauliwa, filimbi yaweza kugeuka rungu.

Liko pia suala la maji. Choo cha bakuli hakiendi bila maji, na mchota maji wa kijijini ni mwanamke. Mumewe akijengewa choo, yeye huongezewa safari za kisimani. Serikali ya India ililiona jambo hilo pia: mwezi Agosti 2019 ilianzisha mpango wa kupeleka bomba katika kila nyumba ya kijijini. Wakati ule nyumba zenye bomba zilikuwa karibu 17 katika kila 100. Mwanzoni mwa mwaka 2025 zilikuwa zimekaribia 80, na muda wa mpango ukaongezwa mpaka mwaka 2028. Awamu ya pili ya kampeni ya vyoo nayo ilianza mwaka 2020, na safari hii imetaja kudumisha matumizi, takataka, na maji machafu. Hiyo ni dalili kwamba waliotangaza ukamilifu walijua nao kwamba kazi haijakamilika.

Ndugu wasikilizaji, mambo hayo yanatuhusu nini sisi tulio upande huu wa bahari? Yanatuhusu sana. Wazee wetu wanakumbuka jinsi jirani zetu wa Tanzania walivyoendesha mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo vyao. Kuanzia mwaka 2007 vijiji vya Kilifi, pwani ya Kenya, vilijaribu njia iliyobuniwa na Mhindi, Bwana Kamal Kar, katika vijiji vya Bangladesh mwishoni mwa mwaka 1999: wanakijiji huitwa watembee pamoja, wachore ramani ya kijiji chao juu ya mchanga, waonyeshe kila mtu anakokwenda haja, mpaka watambue wenyewe kwamba wanakula uchafu wa wenzao. Katika njia zote hizo mbili, majadiliano hutangulia jembe. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji 100 vya jimbo la Odisha nchini India, na matokeo yake kutolewa mwaka 2014, unatuonya hivyo hivyo: katika vijiji vilivyojengewa vyoo, nyumba zenye vyoo zilitoka 9 mpaka 63 katika kila 100, lakini maradhi ya kuhara kwa watoto hayakupungua. Choo nusu ya kijiji, na matumizi ya kubabaisha, haviwezi kumzuia nzi.

Wala tusijidanganye kwamba majadiliano peke yake yanatosha. Shimo la mjane aliyechimba peke yake katika udongo wa mchanga litabomoka mvua ikinyesha, hata akiwa ameelimika namna gani. Yeye anahitaji saruji na fundi, na hapo ruzuku ya India ilikuwa na busara. Vyote viwili vinahitajiana: mkono wa serikali na nia ya mwananchi.

Basi tuyaweke moyoni mambo matatu. Kwanza, serikali iseme na ipange bila haya; India ilifanya hivyo, ikafanikiwa pakubwa. Pili, hesabu ya kweli yenye upungufu ina faida kuliko hesabu nzuri isiyo ya kweli, kwa maana ile ya kwanza hutuonyesha nyumba ya kuiendea kesho. Tatu, hakuna nchi itakayokuwa safi ikiwa imewatenga baadhi ya watu wake kuwa watu wa kuondoa uchafu. Uchafu wanaouogopa watu hao wa matabaka hauko katika shimo. Shimo lina udongo mkavu tu.

Atakayepita kesho katika kijiji chochote, cha kwao au cha kwetu, asitazame tu ukuta mpya wa choo na mlango uliopakwa rangi. Atazame njia iendayo chooni. Ikiwa imekanyagwa ikawa ngumu, kazi imefanyika. Ikiwa imeota nyasi, kazi bado.